Paukwa, Fortingall: shajara ya kijitabu

6 Oktoba

Nimenunua daftari, kwa hiyo mradi umeanza. Ni kijitabu cha Kiswahili, kurasa 40 hivi, kuhusu Fortingall, kijiji cha Perthshire huku Uskoti, pamoja na bonde refu la Glen Lyon lililo nyuma yake. Wasomaji wangu ni watoto wa dada yangu Tanga. Waliniuliza kwenye simu, "Mjomba, huko unakokaa kuna hadithi gani?" Nipo huku mwaka wa 6, na nilichoweza kuwaambia ni kwamba kuna baridi.

Jambo la kwanza kunikwamisha ni neno. Kijitabu kinahusu eneo zima la kanisa moja la mashambani, sasa eneo hilo nilite nini? Walutheri wa kwetu wangesema usharika, Wakatoliki parokia. Dada mmoja tunayefanya naye zamu, mwenyeji wa Thogoto kule Kiambu, anasema parishi, na kwenye hili ana haki kutushinda sote: jina Thogoto lenyewe ni neno la "Mskoti" lililopita kwenye ulimi wa Kikuyu, kwa ajili ya wamisionari waliojenga pale. Basi parishi. Ila itabidi nieleze ukurasa wa kwanza kwamba parishi ya Uskoti haikuwa mambo ya sala tu. Iliendesha shule, iligawa posho kwa maskini, iliwaita wazinzi mbele ya baraza la wazee wa kanisa, na daftari lake ndilo lililotunza ubatizo na ndoa za watu mpaka 1855, serikali ilipoanza kusajili yenyewe.

19 Oktoba

Leo nilikuwa na mapumziko, nikaenda kuuona mti.

Nilikuwa nategemea shina moja kubwa la kutisha, kama mbuyu. Nikakuta uzio wa mawe wenye vyuma, pembeni mwa kanisa, na ndani yake vipande viwili vitatu vya shina vilivyosimama mbalimbali kama watu waliogombana. Majani yake ni sindano za kijani kibichi kinachokaribia weusi. Chini, ardhini, kuna vigingi vifupi vilivyopangwa duara. Nilivipuuza mpaka nilipotambua kwamba duara lile ndilo shina la zamani: vile vipande ni ukingo wa mti mmoja ambao katikati yake imekwisha. Mtu ungeweza kuegesha gari mle ndani.

Wenyewe wanauita *yew*. Mimi naandika mti wa yuu. Mwaka 1769 Daines Barrington aliupima mzunguko akapata futi 52, karibu mita 16. Thomas Pennant, wa zama zile zile, akapata futi 56 na nusu. Hata kamba zao hazikupatana. Watu wakawa wanakata vipande vya ukumbusho, vijana wakawasha moto chini yake, na pengo likapanuka hadi maiti ikawa inapitishwa katikati ya mti ikielekea makaburini. Ukuta wa kuulinda ulijengwa 1785. Umri wake watu wengi wanauweka kati ya miaka 2000 na 3000, wengine wanapaisha hadi 5000. Miaka ya mti huhesabiwa kwa pete za ndani ya shina, na shina la huyu ndani ni hewa.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote kilitokea 2015. Yuu ina mti dume na mti jike, na huu umejulikana siku zote kuwa ni dume. Mwaka ule wataalamu wa Bustani ya Mimea ya Kifalme ya Edinburgh wakakuta tawi moja dogo la juu limezaa matunda mekundu matatu. Mti mzima dume, tawi moja jike.

Nikampigia mama. Shikamoo, marahaba, kisha nikamsimulia. Akanyamaza kidogo, akauliza: "Na huo mti, mwenyewe nani?" Alikuwa anauliza mzimu. Nikamwambia hapa mwenyewe ni kanisa. Akaguna.

3 Novemba

Pontio Pilato. Ukitaja Fortingall kwa mtu yeyote wa huku, lazima akuambie: Pilato alizaliwa pale. Baba yake alitumwa kutoka Roma kwa mfalme wa Kaledonia, yaani Uskoti ya kale, aitwaye Metallanus, akakaa Fortingall, akapata mtoto, na mtoto yule alicheza chini ya ule mti.

Haiwezekani. Pilato alikuwa liwali wa Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36. Jeshi la Roma chini ya Agricola lilifika Uskoti karibu mwaka 80, wakati Pilato ni habari ya zamani. Na lile tuta lililokuwa likionyeshwa kama ngome ya Warumi, nje kidogo ya kijiji, ni boma la mwenye ardhi wa zama za kati lililozungukwa na handaki.

Niliandika ukurasa, nikausoma kwa sauti, nikamtumia mama. Jibu lake lilikuwa fupi: "Mwanangu, 'inasemekana' mara 9? Unasimulia au unatoa ushahidi mahakamani?"

Ana haki. Mtoto hawezi kusikiliza hadithi yenye kikohozi kila mstari. Nimefikiri usiku kucha kazini na kanuni nimeipata. Kila kilicho hadithi kitafunguliwa kwa "Paukwa!" na watoto waitikie "Pakawa!" Baada ya hapo nasimulia nipendavyo, Pilato acheze chini ya mti mpaka magharibi. Kilichoandikwa wakati wake, au kilichochimbwa ardhini, hakipati paukwa, kinaanza tu. Watoto wa Tanga hawahitaji kuelezwa tofauti.

11 Novemba

Kanuni yangu haijamaliza siku 10, tayari imepata mtihani.

Kwenye konde mbele ya kijiji kuna kichuguu cha duara kilichoota majani, na juu yake jiwe. Kinaitwa Càrn nam Marbh, yaani kichuguu cha wafu. Bamba lililo pale linasema kwamba humo wamelala waliokufa kwa tauni kuu ya karne ya 14, walioletwa kwa sleji iliyokokotwa na farasi mweupe aliyeongozwa na mwanamke mzee.

Nimesimama pale saa nzima na mvua yake. Kichuguu chenyewe ni kaburi la Zama za Shaba, kina maelfu ya miaka kabla ya tauni yoyote iliyoandikwa hapa. Tauni nayo ni kweli ilifika Uskoti, mwaka 1349 na 1350. Bikizee na farasi ndio hawamo kwenye daftari lolote. Sasa wamo kwenye bamba, na bamba ni maandishi. Nimpe paukwa au nisimpe?

Nilimpa. Lakini nilifuta mara mbili kabla ya kukubali. Bikizee asiye na jina anashika hatamu, anakwenda, anarudi, anakwenda tena, kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki na nguvu. Mtu aliyefanya kazi ya kulea wazee 2020 haoni hadithi pale.

Kisichohitaji paukwa ni moto. Kila tarehe 11 Novemba, sikukuu ya Samhain, mwanzo wa majira ya baridi, kwa kalenda ya zamani, watu walikuwa wakiwasha moto mkubwa juu ya kichuguu kile kile. Vijana walitumia miezi kukusanya vichaka vya miba mlimani. Wakizunguka moto wameshikana mikono, na moto ukishuka vijana wanauruka. Ulikoma 1924. Aliyeukomesha wala hakuwa kasisi: mlinzi wa wanyama wa kuwindwa alilalamika kwamba vichaka vikikatwa ndege wa bwana wanakosa pa kujificha.

Leo ni tarehe yenyewe. Hapakuwa na mtu ila mimi na kondoo.

Desemba

Zamu za sikukuu. Sijaandika kitu. Pia nilifuta kwa bahati mbaya rekodi yote ya bibi mmoja wa huku aliyenitamkia majina ya Kigaeli, lugha ya zamani ya milima hii, nikidhani nafuta picha. Nikamrudia kwa aibu na biskuti. Akayatamka upya, safari hii polepole, kama mwalimu na mtoto mzito.

Habari moja tu ya kuweka: kanisani palikuwa na kengele ya mkono ya chuma, ya zama za watawa wa kwanza wa Kiselti. Iliibwa 2017. Ilivuka vita vyote na Matengenezo ya Kanisa, ikaja kuondoka mikononi mwa kibaka.

17 Januari

Nimezama kwenye kazi ya Sir John Sinclair, na kama kuna mtu namwonea wivu kwenye mradi huu ni yeye. Mwaka 1790 aliwaandikia wachungaji wote wa Uskoti, parishi 938, akawapa maswali zaidi ya 160: watu wangapi, ng'ombe wangapi, maradhi gani, watu wanakunywa nini, mambo gani ya ajabu. Wengi walijibu. Wengine walikaa kimya kama tunavyokaa kimya kwenye kundi la WhatsApp la michango, na mwishoni akawatuma watu wawafuate wasumbufu nyumbani. Mwaka 1799 kazi ilikamilika, juzuu 21.

Wa Fortingall alikuwa Mchungaji Duncan Macara, na alikuwa na ulimi. Anasimulia hali ya upande wa Rannoch kabla ya mwaka 1745, wakati sheria haikuwa imefika. Mwenye ardhi mkubwa mmoja alikuwa halipi madeni. Perth wakatuma matarishi wawili wa mahakama kumpelekea hati. Bwana yule akaamuru watu wake wawafunge wale matarishi juu ya machela mbili, mmoja kila moja, wakabebwa hivyo hivyo maili 9 hadi darajani wakaachwa. Ardhi yake, anasema mchungaji, ilikuwa kiota cha wezi, na nchi nzima ya jirani ililipa ada ili isiibiwe. Ada hiyo Waskoti waliiita *blackmail*, na jina hilo ndilo Kiingereza kinalolitumia hadi leo kwa mtu anayekutoza fedha kwa vitisho.

Nimetafsiri ukurasa ule mara tatu kwa raha tu. Maandishi ya mchungaji, yenye mwaka na maili: hayana paukwa. Ingawa machela zile, kwa kweli, zinainukia kidogo.

13 Februari

Nimengoja tarehe hii ili niandike sura ya mauaji ya Glencoe, maana aliyeyaongoza alikuwa mtu wa bonde letu.

Robert Campbell wa Glenlyon alikuwa amekunywa na kucheza kamari mpaka mali ya baba zake ikaisha. Mwaka 1689 wakina MacDonald wa Glencoe wakapita bondeni kwake wakirudi vitani, wakafagia mifugo. Uzeeni akaingia jeshini apate mshahara. Februari 1692 akaenda Glencoe na askari kama 120, wakagawanywa nyumba kwa nyumba, wakapewa malazi na chakula na wale wale wakina MacDonald, karibu wiki mbili. Usiku mmoja amri ikaja: ua kila aliye chini ya miaka 70. Alfajiri ya tarehe 13 waliuawa watu 38. Wengine waliokimbia kwenye theluji walikufa huko.

Nilihangaika namna ya kuwaeleza watoto kwa nini mauaji haya yanakumbukwa kuliko mengine makubwa zaidi. Sheria ya Uskoti ilikuwa na jina la pekee kwa kosa la kumuua mtu aliyekuamini. Kwetu halina haja ya sheria: walikula chumvi yao. Nimeandika maneno hayo matatu nikaacha nafasi.

Kisha paukwa. Mwaka 1771 mjukuu wa ukoo ule, kanali, aliagizwa asimamie kuuawa kwa askari mmoja kwa kupigwa risasi. Askari alikwisha kusamehewa, ila amri ilikuwa asiambiwe mpaka apige magoti. Ishara ya kufyatua ilikuwa kitambaa cheupe. Kanali akatia mkono mfukoni atoe karatasi ya msamaha, kitambaa kikatoka nayo. Wakafyatua. Kanali akashika uso akalia kwamba laana ya Glencoe imemfika. Aliyeisimulia kwa maandishi ni David Stewart wa Garth, mtu wa parishi hii hii, aliyefariki 1829 akiwa gavana wa Saint Lucia. Kwa hiyo imeandikwa. Na bado inanuka mkono wa msimulizi. Nimeiachia paukwa.

9 Machi

Mawe ya kale upande wa mashariki: makundi matatu, kila moja mawe matatu yanayoonekana. Yalichimbwa 1970, wakakuta mengine yaliangushwa na kuzikwa. Chini ya moja kulikuwa na chupa ya bia ya karne ya 19. Mtu alizika jiwe la maelfu ya miaka, akanywa, akaitupia humo. Chupa haina paukwa.

28 Machi

James MacGregor alikuwa kasisi wa Fortingall na dekano wa Lismore, cheo cha kanisa. Kati ya 1512 na 1542 hivi, yeye na nduguye Duncan walikusanya mashairi ya Kigaeli: ya mashujaa, ya maombolezo, ya sala, na ya matusi ya chumbani ambayo sikutarajia kwa kasisi. Ni mkusanyo wa zamani kuliko yote mikubwa ya mashairi ya Kigaeli iliyobaki Uskoti.

Ila ladha iko kwenye tahajia. Kigaeli kilikuwa na maandishi yake ya kisomi. Hawakuyatumia. Waliandika Kigaeli kwa herufi na mazoea ya Kiskoti, lugha ya nyanda za chini iliyo jamaa ya Kiingereza, kama walivyosikia. Msomi wa leo inabidi asome kwa sauti ajisikilize ndipo neno litokee. Nilicheka peke yangu. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyojifunza kusoma tenzi za zamani za herufi za Kiarabu: jicho linakwama, sikio linafungua.

7 Aprili

Siku kama ya leo mwaka 1570, Gregor MacGregor wa Glenstrae alikatwa kichwa mwisho wa Loch Tay, parishi jirani. Aliyemwinda ni ukoo wa mkewe, wakina Campbell. Miaka 5 nyuma, akikimbizwa na mbwa, aliruka mto Lyon mahali penye miamba iliyobanana, na pale panaitwa hadi leo Mruko wa MacGregor. Nimekwenda kupaona. Maji yanapita kwa ghadhabu, yana rangi ya chai ya rangi. Paukwa, bila kusita; mimi nisingeruka hata nikifukuzwa na chui.

Mjane, Marion, alibaki na mtoto mchanga. Wimbo wake wa kumbembelezea unaimbwa huku mpaka sasa, mama anambembeleza mtoto huku anawalaani baba yake mwenyewe na jamaa zake waliomuua mumewe. Nimemwekea mama rekodi bila kumweleza maana. Akasema, "Huyu hambembelezi mtoto. Huyu ana msiba."

20 Aprili

Kosa langu. Sura ya kijiji nilianza hivi: "Nyumba za kale za Fortingall, zilizoezekwa kwa nyasi..." Siyo za kale. Zimejengwa mwishoni mwa miaka ya 1880 na mwanzoni mwa 1890, zikachorwa na James MacLaren kwa fedha za Sir Donald Currie, tajiri wa meli aliyenunua ardhi ya Glenlyon 1885. Alitaka kijiji kifanane na kijiji.

Na hapo ndipo kwetu kukaingia bila kuvutwa. Kampuni ya Currie, Castle, iliungana na Union 1900, na meli za Union-Castle zikaja kuzunguka Afrika nzima zikitia nanga Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Ubavu wa zambarau iliyofifia, dohani nyekundu. Marehemu babu alikuwa kuli bandarini Dar miaka ya 1950 na alikuwa akizitaja kwa majina, *Kenya Castle* hasa. Mmiliki wa kwanza amezikwa hapa, dakika chache kutoka kwenye mti. Nikamwambia mama. "Basi mwambie," akasema, "babu yako alibeba sana."

2 Mei

Nimetoka jana, miguu haina habari na mimi.

Mwisho kabisa wa Glen Lyon, kupita bwawa na ziwa lake, kuna bonde dogo la pembeni, Gleann Cailliche, bonde la bikizee. Humo mna kijumba cha mawe chenye paa la majani, hakifiki kiunoni. Wenyewe ni mawe: bikizee, mzee wake, binti yao, na wadogo zaidi. Maji ya mto yameyachonga yakawa na kiuno na kichwa. Bikizee ndiye mkubwa, kimo cha goti. Kila Samhain wanaingizwa ndani na mlango unazibwa kwa baridi; kila Beltane, mwanzo wa Mei, wanatolewa nje wakae wakitazama bonde.

Niliwakuta wameshatoka. Nilichuchumaa mbele yao. Bikizee amelainika kama sabuni iliyotumika, ana ukungu wa kijani shingoni. Sikumgusa. Kwa nini sikumgusa sijui; nilikuwa peke yangu, na niliamkia. Shikamoo ilitoka yenyewe.

Paukwa ni ya asili yao: mume na mke walikwama kwenye theluji, mke mjamzito, wenyeji wakawapa hifadhi, naye akabariki bonde maadamu watatunzwa. Lakini kuwatoa na kuwaingiza si hadithi, kunafanyika. Ukurasa ule umekuwa na nusu mbili, na mstari katikati.

24 Mei

Nakala 30 zimefika Tanga kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakwenda likizo. Mchapaji alipindua picha ya mti, matawi chini. Dada anasema hakuna aliyegundua.

Jana usiku mama aliwasomea sura ya kichuguu, nami nikisikiliza kwenye simu. "Paukwa!" "Pakawa!" Akafika kwenye farasi mweupe, akafika mwisho, kimya. Kisha yule mdogo, wa miaka 7:

"Bibi, na yule bikizee alipokufa, nani alimshikia farasi?"

Mama akasema, "Muulize mjomba wako."